Nchi ya Viganja Baridi

Ipo nchi inaitwa Zizima. Ramani hazijaionyesha, na mwenye kutaka kubisha hakatazwi, ila avumilie kwanza mpaka mwisho ndipo abishe.

Aliyefika huko ni mwanamke mmoja jina lake Sikudhani, muuza barafu, mtu mzima, na mtu wa shaka kupita kiasi. Akiambiwa samaki ni wa leo, hufunua shavu na kunusa. Akikaribishwa chakula hujiuliza kimeharibika nini huko jikoni hata watake wa kuwasaidia kukimaliza. Ukimsifia kanga yake, akirudi nyumbani ataigeuza mbele na nyuma kutafuta doa.

Kazi yake ilikuwa ya friza moja kuukuu barazani. Aligandisha ubuyu na ukwaju katika vifuko vidogo vya plastiki, na watoto wakitoka shule waling'ata pembe ya kifuko wakanyonya mpaka midomo ikawa myekundu. Aligandisha pia mabonge ya maji matupu. Hayo yalikuwa ya wauza samaki, ya majagi ya juisi harusini, ya goti la mtu aliyeteguka. Na penye msiba ambapo maiti anangojea nduguze wa mbali, Sikudhani alifika bila kuitwa, beseni la barafu kichwani, akaliweka mahali pake na kukaa na wenzake. Kwa kushika barafu miaka yote hiyo, vidole vyake viliingia ganzi na havikutoka tena. Mkono wake ulikuwa wa baridi saa zote. Watoto wachanga waliruka akiwagusa.

Alikuwa na mdogo wake, Zamda, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Huyo Zamda alipata mume mgeni, Farjala, mwoka mikate kutoka Zizima. Farjala alianza kwa kuja barazani kila siku kununua barafu ya ubuyu. Hakuinyonya. Aliishika, akaitazama inavyoyeyuka, akacheka peke yake kama mtu aliyetoka kifungoni. Sikudhani alimwona akasema moyoni, mwanamume mzima anayenunua barafu kila siku na haili ana lake jambo. Jambo lenyewe likawa Zamda. Wakaoana, wakaenda, na tangu hapo Sikudhani hakupata usingizi mwema.

Basi siku moja msafiri akamletea maneno kwa mdomo: "Mdogo wako anasema, Dada, njoo. Siku ya Viganja imekaribia. Tukishindwa safari hii tunatenganishwa, na Tunu anachukuliwa. Wewe ndiye shahidi wetu."

Tunu ni mtoto wao, ndiyo kwanza anajifunza kusema. Sikudhani hakuelewa viganja ni vipi na kushindwa ni kupi. Alielewa kitu kimoja tu: yule Farjala amefanya alichokuwa akingojewa kukifanya. Akafunga mlango wa friza kwa kamba, akaondoka.

Njia yake haina la kusimulia. Langoni mwa Zizima alikuta maofisa wawili wenye mikono imechovywa ndani ya mabakuli ya maji. Mmoja akatoa mkono, akaukausha, akamkabidhi kipande cha barafu.

"Shika, mama, useme. Umetoka wapi na umefuata nini?"

"Nimetoka pwani. Nimemfuata mdogo wangu. Na hii nishike ya nini?"

"Hiyo ndiyo inayosikiliza. Sisi tunaitazama tu."

Akaelezwa sheria. Katika Zizima neno halina uzito mpaka lisemwe na barafu mkononi. Uongo una joto, walisema. Mwongo huchemka ndani, joto likashuka kiganjani, barafu ikadondoka. Mkweli ametulia, na aliyetulia hupoa. Kwa hiyo kila anayesema, na ashike, na wenye macho wahesabu matone.

Sikudhani alifungua kiganja. Barafu ilikuwa kama ilivyotoka, kavu, pembe zake zote zipo. Wale maofisa wakainuka kwenye viti vyao.

"Mama," alisema yule mkubwa, sauti imeshuka, "umewahi kusema uongo maishani mwako?"

"Nimesema. Nani hajasema?"

Wakainama wote wawili kuitazama. Hakuna hata unyevu. Hapo pakazuka mjadala. Mdogo alisema kama barafu haikudondoka basi amesema kweli, na kama amesema kweli basi ni mwongo, na mwongo haruhusiwi kupita. Mkubwa akasema mwongo hawezi kuwa na kiganja kama kile, kwa hiyo si mwongo, kwa hiyo alilosema si kweli, ila amelisema kwa ukweli. Wakaenda hivyo mpaka foleni ya nyuma ikaanza kukaa chini. Mwisho wakakubaliana kwamba mama amejishusha kwa adabu, na adabu si uongo.

"Unafanya kazi gani huko kwenu?"

"Nauza barafu."

"Unaiuzia mahakama."

"Nawauzia watoto wakitoka shule. Naitia ubuyu na sukari."

Maofisa walitazamana. "Wanaifanyia nini?"

"Wanainyonya, baba. Wataifanyia nini tena?"

Yule mdogo akarudisha mikono yake bakulini taratibu. "Wanakula ushahidi," alisema kwa mwenzake. "Ndiyo maana nchi zao hazitulii."

Wakampitisha, tena kwa heshima.

Ukweli ni kwamba Sikudhani alipoingia mjini aliipenda nchi ile. Sokoni alimwona muuza nyanya ameshika barafu akisema zimechumwa asubuhi, na mnunuzi amekodoa macho, si kwenye nyanya, kwenye kiganja. Tone likaanguka. Mnunuzi akaondoka. Sikudhani akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hawa ndio watu, alisema moyoni. Miaka yote mimi nanusa mashavu ya samaki, kumbe kuna wenzangu wamelifanya sheria.

Halafu akaanza kuona na mengine. Watu hawakupeana mikono, wasije wakapashana moto. Waliosimama barazani waliweka mikono mgongoni, vidole ndani ya vikopo vya maji. Watoto walikatazwa kupiga makofi. Wapishi, wahunzi, wafua nguo kwa maji ya moto na wanawake wanaonyonyesha hawakuwa na neno nchini; mmoja wao akiibiwa, sharti amtafute ndugu aliyepoa amsemee. Wakubwa wa nchi walikaa kivulini mchana kutwa, mikono yao bakulini, wengine wakipanguswa uso kwa kuwa wao hawawezi kutoa mikono wajipanguse. Hao ndio walioaminiwa kwa kila neno, na hawakuwa na kazi nyingine ila kusema.

Matone ya barafu yalikingwa kwenye ndoo zilizoandikwa Maji ya Uongo, yakamwagwa mtaroni nje ya mji. Mwaka ule visima vilikuwa vimepungua, na watu walikuwa wakipanga foleni ya maji tangu alfajiri. Hakuna aliyeangalia zile ndoo.

Alipofika kwa Zamda alikumbatiwa mlangoni, kisha Zamda akamwachia ghafla kama aliyeungua, akachungulia dirisha la jirani.

"Amekuona nani?" Sikudhani aliuliza.

"Bi Kirembe, wa ng'ambo. Anaandika kila kitu kwa macho yake. Juzi tu alinisikia nikicheka, akaenda kusema."

"Kucheka kosa?"

"Kucheka kunapasha moto, Dada."

Ndani akaambiwa mambo yalivyo. Kila mwaka wenye ndoa hushika barafu moja kati yao, kiganja kwa kiganja, huku Mpima akisoma kiapo. Barafu ikibaki nzima, ndoa haina la kufichwa. Ikiyeyuka kabla kiapo hakijaisha, kuna joto, na penye joto pana uongo, ingawa haujajulikana ni upi. Ya Zamda na Farjala mwaka jana iliisha Mpima akiwa hajamaliza kutaja majina yao. Wakaonywa. Sasa wakishindwa, Zamda arudishwe kwao, Farjala abaki peke yake, na Tunu apelekwe Nyumba ya Kupoza, walikolelewa watoto wa ndoa zilizoyeyuka ili wakue na mikono inayofaa.

"Na uongo wenyewe ni upi?" Sikudhani aliuliza.

"Hakuna, Dada."

"Yeye anasemaje?"

"Anasema hakuna."

"Atasemaje kingine?"

Zamda alirudisha mikono yake kwenye bakuli la maji. Ilikuwa imepasuka kwa kulowekwa, kama ya mtu anayetoka kuvuna mwani. Alisema majirani wenye huruma wamewashauri wagombane kila siku, walale mbalimbali, mtu asimtazame mwenzake wakati wa kula. Wamejaribu. Farjala analala uani. Kugombana kumewashinda, wakianza, mmoja anacheka.

Farjala akaingia na mkate, unga mpaka nyusini. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Kazi, shemeji."

"Kazi ya kuoka inanenepesha."

Akatabasamu tu, akaweka mkate mezani, akatoka kwenda kulala uani. Sikudhani akakaa akiutazama mkate ule. Ulikuwa mzuri mno. Mtu haoki mkate mzuri hivyo bila kuwa na lake.

Alfajiri alisikia mlango wa ua. Akajitanda kanga, akamfuata Farjala kwa mbali, moyo wake mwepesi kama wa mtu aliyekaribia kuthibitishiwa. Farjala alipita nyuma ya tanuri, akapita nyumba za mwisho, akatoka nje ya mji. Haya, alisema Sikudhani, sasa tumwone huyo mwanamke.

Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na mtaro unakomwagwa Maji ya Uongo. Farjala alishuka ndani mpaka magotini, akainama, akazamisha mikono hadi kwenye viwiko, akakaa hivyo. Meno yakimgongana, alikuwa akisoma kiapo cha ndoa kwa sauti ya chini, tangu mwanzo hadi mwisho, akapumzika, akaanza tena.

Sikudhani alirudi nyumbani na kujilaza kitandani kwake. Huenda amejua namfuata, alisema moyoni.

Siku ya Viganja watu walijaa uwanja mkubwa. Mbele, juu ya jukwaa la mawe, alikaa Mkuu wa Barafu, mzee mnene wa sauti laini, bakuli lake la fedha mapajani. Wa kwanza kuitwa walikuwa mume na mke waliokuwa hawajasemezana tangu mtoto wao wa kwanza anaota meno. Walishika barafu kama watu walioshikishwa panya. Kiapo kikasomwa chote, barafu ikarudishwa nzima, na uwanja wote ukainamisha vichwa kwa heshima, kwa sababu makofi hayaruhusiwi. Wakafuata wengine wa namna hiyo. Mwanamke mmoja alisinzia wakati wa kiapo, na ndoa yake ikatajwa kuwa mfano kwa vijana.

Wakaitwa Zamda na Farjala. Sikudhani alimpakata Tunu mstari wa mbele. Bi Kirembe alikuwa nyuma yake, shingo imerefuka.

Kiganja kwa kiganja, barafu katikati. Mpima akaanza kusoma. Zamda alikaza macho kwenye kidole gumba chake mwenyewe, na Farjala akatazama mawe. Walikuwa wanaendelea vizuri. Kiapo kilifika nusu, na chini ya mikono yao palikuwa pakavu. Ndipo Tunu, aliyeona mikono ya baba na mama yake imeshikana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akasema kwa sauti ya uwanja mzima, "Baba amemshika mama."

Zamda akainua macho. Farjala naye akainua yake. Walitazamana kidogo tu, wakarudisha haraka, lakini barafu haikuwasubiri. Ikaanza tone, tone, kisha mchirizi, na kabla Mpima hajageuza ukurasa mikono ile miwili ilikuwa imekutana, haina kitu kati yake.

"Imeisha," alisema Mpima.

Bi Kirembe alishusha pumzi kama mtu aliyemaliza kula.

Mwanamke mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, wa Nyumba ya Kupoza, akaja akasimama karibu na Sikudhani, mikono ameinyoosha mbele. Ilikuwa mikono ya rangi ya majivu. Tunu akajificha kifuani kwa mama yake mkubwa.

"Wana shahidi?" aliuliza Mkuu wa Barafu.

"Ni mimi," alisema Sikudhani.

Minong'ono ikapita. Habari za kiganja chake zilikuwa zimefika kabla yake. Akamkabidhi mtoto kwa Zamda, akapanda, akapewa kipande kipya.

Mkuu aliinama mbele. "Mama, hapa tumeambiwa wewe ndiye mkono uliopoa kuliko yote iliyowahi kuingia lango letu. Sitakuuliza mengi. Wewe umemjua mwanamume huyu kabla hajaoa kwenu. Umewahi kumshuku?"

Sikudhani akamtazama Farjala, aliyeinamisha kichwa, maana katika uwanja ule wote yeye ndiye aliyejua jibu kuliko watu wote. Sikudhani alimshuku alipocheka na barafu mkononi. Alimshuku alipoleta posa, kwa kuwa alileta upesi, na kama angechelewa angemshuku kwa kuchelewa. Alimshuku kwa kukonda, kwa mkate, kwa kusimama ndani ya mtaro alfajiri ile ile. Alikuwa ametoka pwani na tuhuma zake zote mkononi, na sasa amepata nchi nzima iliyo tayari kumsikiliza. Angesema moja tu kati ya hizo, Farjala angekuwa amekwisha.

Na yule wa kanzu nyeupe hakuwa amerudisha mikono yake.

"Hata siku moja," alisema Sikudhani.

Akafungua kiganja. Alikitazama kuliko watu wote walivyokitazama. Alikingoja. Uongo ule ulikuwa mkubwa kuliko wowote aliowahi kuusema, na ulimpiga moyo mpaka masikio yakavuma. Barafu ilikaa pale pale, kavu, inang'aa, pembe zake zote zipo.

Mkuu wa Barafu akafumba macho kwa raha. "Nzima imeishinda iliyoyeyuka," alisema. "Ndiyo sheria. Ndoa ibaki. Mtoto abaki. Nawe mama, kaa nasi. Tutakupa kiti na bakuli, na kila litakaloamuliwa nchini litapita mkononi mwako."

"Mtaniuliza mambo nisiyoyajua?"

"Utasema tu. Kiganja kitajibu."

Sikudhani akaitazama ile barafu. Akafikiri juu ya muuza nyanya wa sokoni, na wapishi wasio na neno, na watoto waliolala Nyumba ya Kupoza. Akaitia mdomoni, akaitafuna. Mlio wake ulisikika mpaka nyuma ya uwanja.

Hapo palitokea mtafaruku ambao Zizima haijaumaliza hata leo. Mpima alisema ushahidi umeliwa, hivyo haupo. Wengine wakasema umeliwa ukiwa mzima, hivyo umebaki mzima na umo ndani ya mama, na hauwezi kupimwa upya ila kwa kumpima mama. Mkuu alisema hakuna kifungu kinachosema juu ya meno. Iliundwa kamati. Mpaka kamati itakapomaliza, hukumu ya mwisho iliyotamkwa ndiyo inayosimama, na kamati yenyewe ina watu waliopoa sana, hawana haraka.

"Ina ladha gani?" kijana mmoja wa mstari wa mbele aliuliza kwa siri Sikudhani alipokuwa akishuka.

"Ya maji," alisema. "Inataka ubuyu."

Siku ya kuondoka Farjala alimsindikiza mpaka karibu na lango, mahali ambapo maofisa hawaoni. Alikuwa amemchukulia kikapu cha mikate, amekifunika kitambaa.

"Shemeji, ulilosema pale jukwaani."

"Barafu imekubali. Wewe unabisha?"

"Sibishi." Akacheka. "Nakushukuru."

Akampa mkono. Sikudhani alisita, maana mkono wake haukuzoea, kisha akautoa. Mkono wa Farjala ulikuwa wa moto kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Sikudhani aliuacha wake mle ndani. Baada ya kitambo vidole vyake vikaanza kumchoma, kama vinavyochoma vya mtu aliyelalia mkono akaamka. Ganzi ilikuwa inatoka, na iliuma.

"Alfajiri ile mtaroni," alisema bila kuondoa mkono. "Ulijua nipo nyuma yako?"

"Wewe? Ulikuja mpaka mtaroni?" Farjala alishangaa, akatazama chini kwa haya. "Sikujua, shemeji."

Sikudhani alitazama mikono yao kwa mazoea. Hapakuwa na barafu ya kuiangalia. Palikuwa na mikono miwili tu, mmoja una unga, na maneno ya mtu.

"Haya," alisema. "Nimekuamini."

Akachukua kikapu chake, akapita langoni. Njiani alikata kipande cha mkate akala, na hakuunusa kwanza.